Mkwe Aliyejua Kuogelea

Nilipokwenda kuposa, mama mkwe wangu aliniuliza swali moja tu, nami nikalijibu kwa uongo. Hakuuliza nina mashamba mangapi wala kama nakunywa pombe. Alimtuma mjomba wa binti, aliyekuwa amekaa katikati yetu, aniulize kama najua maji. Mimi mtoto wa Kitahana, mtu wa milima na maharage, ambaye maji mengi kuliko yote niliyowahi kuingia yalikuwa ya beseni. Nikasema najua. Mjomba akataka kujua ni kuogelea au kuvuka mto kwa miguu. Nikasema kuogelea, tena vizuri, nimejifunza nikiwa shuleni Kigoma. Shule ya Kigoma nilisoma kweli. Ziwa nililiona kutoka dirisha la bweni, na siku moja nililowesha miguu.

Nilidhani lilikuwa swali la kupima ushamba wangu. Baada ya harusi ndipo mke wangu aliponieleza. Kwao ni Burundi, upande wa ziwani, na walikimbia kuja huku yeye akiwa msichana mdogo. Mama yake alipanda mtumbwi na watoto wanne, akafika na watatu. Mtumbwi ulipinduka nchi kavu ikiwa inaonekana kabisa. Mama alikuwa anaogelea tangu utotoni, lakini mikono ni miwili. Baada ya hapo wakaja kukaa huku juu, Kumsenga, mbali na maji, akaapa hataozesha binti kwa mtu ambaye maji yatamshinda.

Usiku ule nilioambiwa hayo ningeweza kuamka na kusema ukweli. Nilijifanya nimeshapitiwa na usingizi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa miaka kumi na miwili, na katika miaka hiyo uongo wangu uliota matawi. Watoto walipozaliwa, wakakua, wakataka hadithi, niliwapa. Niliwaambia nilivuka Malagarasi kwa kuogelea, masika, nikiwa nimebeba viatu vyangu kwa meno. Binti yangu alikwenda kuisimulia shuleni. Mwalimu mwenzangu akaniuliza viatu vilikuwa vya aina gani.

Basi mwaka mmoja wa mwanzoni mwa miaka ya tisini, kabla barabara yetu haijajaa malori ya wakimbizi, nilipata wazo la likizo. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi Kasulu, na likizo kwetu ilikuwa na maana moja: unakwenda kwenu kulima. Lakini nilikuwa nimesikia redioni kwamba kuna watu hufunga safari na familia zao kwenda kutazama mandhari, wakatoka kijiji hiki wakaenda kile, bila shughuli yoyote. Nikaona mwalimu anayejiheshimu hapaswi kupitwa. Nikatangaza ofisini kwamba Juni ile nitawapeleka wanangu kuzunguka vijiji vya ziwani. Mkuu wa shule akauliza kwa upole, "Pole sana mwalimu. Ni nani amefariki?"

Hakuna aliyenielewa. Jirani yetu alimletea mke wangu bakuli la unga na shilingi kidogo zilizofungwa kwenye kitambaa, akakaa mkekani na kutikisa kichwa. Mke wangu alipomweleza kwamba tunakwenda kutazama maji tu, yule mama alinywa chai yake, akaaga, akauacha unga. Nadhani aliamini tunaficha msiba.

Kosa kubwa nililifanya kwa adabu. Nilimwambia mke wangu atume salamu Kumsenga, kwamba mama naye anakaribishwa. Nilijua atakataa. Hajaliona ziwa tangu siku ile. Kwa nini akubali sasa? Jibu likaja na basi la kutoka Kibondo, na lilikuwa ni mama mwenyewe, ameshuka na kikapu na jogoo. Alimwambia binti yake, nami nikasikia kutoka nyuma ya mlango, "Peke yangu siwezi kuyatazama maji yale. Lakini kama mkwe wangu yupo, nitakwenda."

Nilikaa nyuma ya mlango ule muda mrefu. Nilikuwa nyuma ya mlango kwa sababu ya heshima, si kwa uoga. Uoga ulinikuta huko huko. Katika familia zetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani. Hawapeani mikono, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Mkiwa na la kuambiana, mnamwambia mtu wa katikati. Yeye na mimi tulikuwa mabingwa wa jambo hilo. Kwa miaka kumi na miwili nilikuwa nimemjua kwa kitenge chake na kwa sauti, na ukinionyesha picha ya uso wake pengine ningekuuliza ni nani.

Sasa jaribu kusafiri likizo na mtu kama huyo. Ndani ya basi la Kigoma nilikaa kiti cha nyuma ya dereva, yeye akakaa kiti cha mwisho kabisa, na katikati yetu wakakaa mke wangu, watoto wawili, na abiria wengine wote wa basi. Nikitaka kujua kama mama amekula, nilimwambia mke wangu, naye alimwambia binti yetu wa miaka tisa, naye alipiga kelele. Abiria waliokaa katikati walijua habari zetu zote kabla hatujafika mteremko wa mwisho. Ziwa lilipojitokeza kule chini watoto walisimama juu ya viti. Nilisikia kutoka nyuma sauti ya mama ikimwita Mungu wake polepole, "Mana yanje." Basi.

Mizigo yetu ilikuwa unga wa muhogo, maharage, ndizi, yule jogoo, na mfuko wa dagaa wakavu ambao mke wangu alinunua sokoni Kasulu, endapo huko tuendako chakula kitakuwa shida. Ndiyo, tulipeleka dagaa ziwani. Mwenye boti tuliyopanda Kigoma, mzee wa kofia ya sufu aliyekuwa na haya kidogo ya kucheka mbele ya wageni, aliuliza mfuko una nini, akaambiwa, akaenda kusimama upande wa pili wa injini mpaka akatulia.

Kijiji cha kwanza kilikuwa kizuri kuliko nilivyoahidi, jambo lililonishangaza, maana nilikuwa nimeahidi nisichokijua. Nyumba zilikaa chini ya mlima kiasi kwamba mbuzi wangeweza kutoka mlimani wakaingia dirishani. Ufuo wote ulikuwa unang'aa kwa dagaa walioanikwa. Nilivaa kofia yangu ya ualimu, nikachukua daftari ili niandike mandhari, nikaanza kutembea. Ndani ya dakika chache nyavu zote zilikuwa zimetoweka. Wanaume waliokuwa wakizishona waliinuka mmoja mmoja wakaingia majumbani. Mwenyekiti wa kijiji akaja akiwa amevaa koti juu ya singlendi, akanikaribisha kiti, akaniletea soda ya moto na kuniambia kwamba hapa kijijini matundu ya nyavu yote ni halali, bwana samaki wa serikali asiwe na wasiwasi.

"Mimi si bwana samaki," nikamwambia. "Ni mwalimu. Nipo likizo na familia yangu."

"Sawa, mwalimu. Hapa mna ndugu?"

"Hatuna."

"Mna biashara?"

"Hatuna. Tunatazama."

Akanitazama kwa huruma. "Mnatazama nini, mwalimu?"

Nikamwonyesha ziwa. Aligeuka akalitazama vizuri, kama mtu aliyeambiwa kuna kitu amedondosha kule, kisha akarudi kwangu na kuniomba nimalize soda.

Hata hivyo walitupokea. Walitupa chumba, wakapokea jogoo, na wale dagaa wetu wa Kasulu wakazungushwa nyumba kwa nyumba ili kila mtu awaone. Tulikaa siku mbili, na katika siku mbili hizo nilitoa sababu za kutokuogelea ambazo mwanafunzi wangu angezitoa ningemchapa. Asubuhi nilikuwa nimekunywa uji sasa hivi. Mchana jua lilikuwa kali. Jioni upepo ulikuwa wa upande mbaya. Nilivua saa nikaivaa tena. Binti yangu alikuwa amewaita watoto wa kijiji waje wamwone baba yake, aliyevuka Malagarasi na viatu mdomoni, na watoto wale, ambao wanaogelea kabla ya kusema vizuri, walikaa mchangani wakingoja kwa adabu. Mama mkwe naye alikaa, mbali, chini ya ukingo wa nyumba, akitazama maji. Hakuyakaribia. Lakini kila wanangu waliposogea majini nilimsikia akiuliza, "Baba yao yupo?" Mke wangu akijibu yupo, mama anaendelea kuchambua maharage.

Mara moja nilimnong'oneza mke wangu kwamba labda ni heri nimwambie mama ukweli. Hakushangaa. "Mimi nilijua tangu siku ya posa," alisema. "Anayejua kuogelea hasemi mara tatu kwa saa moja." Nikamwuliza kwa nini basi alinyamaza. "Nilitaka kuolewa," akasema, akaenda kutazama sufuria. Sijapewa sifa kubwa kuliko hiyo maishani, lakini siku ile haikunisaidia kitu.

Siku ya tatu tukapanda boti kwenda kijiji kingine, kaskazini zaidi. Huko hakuna gati. Boti inasogea ubavuni mwa jiwe kubwa na watu wanavuka hatua moja kutoka mbao hadi jiwe. Mimi nilitangulia, nikavuka salama, nikajiona mtu wa maana. Nikageuka. Chini kati ya jiwe na boti nikaona changarawe, na samaki wadogo wa milia, na kipande cha chungu, vyote wazi kama vimewekwa juu ya meza.

Hapa lazima nieleze jambo la watu wa milimani. Kwetu, maji unayoyaona chini ni mafupi. Ni maji ya kuchota, ya kuosha miguu. Maji marefu yana rangi ya udongo, huoni ndani hata kiganja. Hii tunafundishana tangu utoto na haijawahi kumdanganya mtu yeyote Kitahana, wala Kasulu. Kwa hiyo binti yangu, aliyekuwa amesimama ukingoni mwa boti, aliponiuliza, "Baba, hapa ni marefu?", sikufikiri mara mbili. Nilikuwa nimekaa siku tatu bila kujibu swali hata moja kwa uhakika, na hili nililijua. Nikatoa sauti ya darasani. "Mafupi. Yatakufika magotini. Na hata yakiwa marefu, si nipo?"

Akaruka.

Yule mzee wa boti alipiga kelele kabla miguu ya mtoto haijagusa maji, na kelele ile ndiyo iliyoniambia. Mwanangu alizama mzima. Niliendelea kumwona, ndiyo ubaya wa ziwa lile. Unaona kila kitu. Gauni lake lilifunguka, mikono ikawa inatafuta, akazidi kwenda chini, na changarawe ambazo ningeapa ziko magotini bado zilikuwa chini yake. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya jiwe. Sikuruka. Ningependa kuandika kwamba nilikuwa natafuta kamba au mti. Sikutafuta kitu. Miguu yangu ilikataa, nami nilikuwa nakubaliana nayo.

Kisha nikaona, kwa pembe ya jicho, mama mkwe amesimama ndani ya boti na anafungua kitenge chake.

Nikageuka. Sikuamua kugeuka, shingo iligeuka yenyewe, mabega yakafuata, na nikajikuta nimeutazama mlima, mikono ubavuni, kama mwanafunzi aliyepewa adhabu. Mama mkwe wako anavua kitenge, wewe unatazama pengine: mwili wangu ulikuwa umelishika somo hilo kuliko mengine yote. Nikasikia kishindo cha maji. Nikasikia mke wangu analia jina la mtoto. Nikasikia watu wanakimbia mchangani. Mwanangu anakufa maji nyuma ya mgongo wangu na mimi nahesabu migomba iliyoko mlimani. Nakumbuka ilikuwa kumi na minne. Mwanamke mmoja pale ufuoni akauliza, kwa Kiswahili cha huko, "Na yule baba vipi, anasali?"

Sijui ilikuwa muda gani. Watu wanasema ulikuwa mfupi. Kisha nikasikia kikohozi, kikohozi cha mtoto, kikifuatiwa na kilio chenye hasira, nami nikakaa chini palepale, bado nimeutazama mlima. Nililia. Mwanangu mdogo alikuja akakaa karibu yangu, akautazama mlima naye, ajue kuna nini.

Walimkausha binti yangu kwenye nyumba ya karibu, wakamfunika, wakampa uji. Mama mkwe alikaa nje mlangoni na nguo za kuazima, nywele bado zinachuruzika. Nikamwita mke wangu. "Mwambie mama nasema asante."

Mke wangu alikuwa ameshika gauni lililolowa. Hajawahi kunitazama vile kabla wala baada ya hapo. "Mwambie mwenyewe."

Nikasogea, nikapiga magoti hatua chache kutoka kwake, uso chini. Nikampigia makofi ya salamu kama tunavyosalimu wakubwa, maana sikujua kingine cha kuanza nacho. "Mama," nikasema, "sijui kuogelea."

"Uliniambia unajua," alisema. Sauti ile niliyoizoea kupitia kwa watu wengine ilikuja kwangu moja kwa moja, ikawa nzito.

"Niliongopa, mama. Sijawahi kujua."

"Na mto ule? Na viatu?"

"Hata viatu, mama."

Nilingoja anitukane. Ningefurahi. Alikamua ncha ya ile nguo ya kuazima, maji yakaanguka kwenye vumbi. "Miaka yote hii," akasema, "nikisikia hawa watoto wameteremka mtoni, silali vibaya. Nasema, hapana, hao baba yao yupo. Majirani zangu wanakesha kwa ajili ya wajukuu, mimi nalala." Akaikamua tena. "Ulinipa usingizi wa bure, mkwe. Mimi yule wa kwanza sikuweza kumshika. Huyu leo nimemshika. Lakini ningekuwa najua, ningekaa karibu zaidi."

Ndipo nilipomtazama. Nilivunja adabu yote, nikamtazama usoni, kwa mara ya kwanza. Alikuwa mwanamke mzee aliyechoka, mwenye mashavu ya mke wangu na macho mekundu ya maji. Naye hakuuficha uso. Alinitazama kama unavyomtazama mtu uliyemkabidhi mzigo akaupoteza, halafu akauliza kama mtoto amemaliza uji.

Nilitaka turudi Kasulu siku ileile. Mama ndiye aliyekataa. Alisema mtoto akirudi milimani sasa, maji yatamtisha maisha yake yote, na yeye analijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Kwa hiyo likizo ikaendelea, tukaenda kijiji cha tatu, mimi nikiwa nimebeba mizigo na sina hadithi. Watoto wa huko waliponiuliza kama najua kuogelea nilijibu sijui, wakashangaa jinsi mtu mzima anavyoweza kusema hivyo bila aibu. Aibu ilikuwepo.

Pale boti haikuhitaji jiwe. Ufuo ulikuwa wa mchanga, umelala polepole, na boti ilikwama yenyewe hatua chache kabla ya nchi kavu. Safari hii sikusema neno. Nilikunja suruali, nikashuka kwanza, na viatu vyangu nikavishika mkononi. Maji yakanifika chini ya goti. Nikatembea kwenda mbele na kurudi nyuma, nikapiga mguu chini kila mahali, hata mzee wa boti akaniuliza kama nimepoteza kitu. Mke wangu na mama yake walikuwa bado wamekaa, na binti yangu alikuwa amesimama mbele kabisa, ameshika ubao kwa mikono miwili.

Nikamnyooshea mikono. "Shuka, mwanangu," nikamwambia. "Ona, hapa nimesimama. Ni mafupi."

Aliyatazama maji. Alinitazama mimi niliyesimama ndani yake, maji yakiwa chini ya goti, chini kunaonekana, kila kitu kikiwa wazi na cha kweli. Kisha akageuza kichwa akamtafuta bibi yake.

"Bibi," akauliza, "ni kweli?"

Mama mkwe akainama akayaangalia, bila haraka.

"Ego," akaitikia kwa lugha ya kwao. "Hapa ni kweli."

Ndipo akashuka.